Maandalizi ya Bustani ya Mikunazi

Waliofika nchi za mbali hupenda kuanza na taabu za njiani. Mimi sikupata taabu yoyote, kwa hiyo nitaanzia mpakani, ambako niliombwa mikono kabla ya kuombwa pasi.

Aliyeniomba alikuwa Mkaguzi wa Viganja, bwana mwembamba aliyevaa koti la kijivu lililonyooka vizuri. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba chake polepole kwenye kiganja changu cha kulia, kisha cha kushoto, kama mtu anayesoma barua gizani. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilimjibu kwa sauti ya chini kwamba nimemaliza chuo mwaka juzi na bado nangoja ajira. Aliridhika. Aliandika jina langu, Atukuzwe, katika cheti, na mbele yake akaandika neno moja tu: laini. Akanishauri nikitunze cheti hicho, kwa kuwa katika nchi ya Ungojani watu wengi wamefika mbali kwa viganja vya namna hiyo.

Sikumuuliza maana yake. Mimi si mwepesi wa kuuliza. Katika miaka mitatu ya chuo niliuliza swali moja darasani, nalo lilikuwa kama ningeweza kufunga dirisha.

Maana nilianza kuiona nilipofika mtoni. Juu ya mto kulikuwa na daraja zuri la zege, pana, lenye kingo zilizopakwa chokaa, na chini yake watu walikuwa wamekunja nguo hadi magotini wakivuka kwa miguu, viatu mkononi. Mama mmoja aliyebeba vitumbua kichwani alinieleza kwamba daraja limekamilika miaka sita iliyopita ila halijafunguliwa. Mgeni rasmi alikuwa bado hajapatikana. Kuvuka kwenye kivuli cha daraja, alisema, kunaruhusiwa, kwa sababu kivuli si sehemu ya ujenzi.

Hiyo ndiyo sheria kuu ya Ungojani: kitu hakipo mpaka kifunguliwe. Niliona shule yenye madarasa manne mapya ambayo wanafunzi wake walikaa nje wakiegemea kuta. Katika nyumba ya wageni nilikopanga, tulikaa mezani tukitazama chai ikipoa, kwa kuwa mpangaji mkubwa kuliko wote, ambaye ndiye aliyestahili kufungua birika, alikuwa amelala na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Alipokuja alitoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa chai. Alikuwa mtu mwema. Hotuba ilikuwa nzuri.

Sheria ya pili yahusu mgeni rasmi mwenyewe. Hapaswi kuwa amegusa kazi anayoifungua. Wanasema, "Aliyeshika jembe hashiki mkasi," na sababu yao wameiandika: mtu aliyetokwa jasho juu ya kitu atakitazama kwa mapenzi, na mapenzi huvuruga itifaki. Ndiyo maana kuna wakaguzi wa viganja. Mgeni wa kweli ni mwenye mkono usio na historia.

Na sheria ya tatu ni kwamba alichokifungua mgeni, mgeni hukifunga kabla hajaondoka. Wakati wa kufungua hukatwa utepe mwekundu. Wakati wa kufunga hufungwa utepe wa kijani. Sheria hii ndiyo iliyoiua Bustani ya Mikunazi, na habari za bustani hiyo ndizo zilizonifanya nikae siku kumi katika mji wa Tulizo badala ya siku mbili.

*

Nyumba niliyopanga ilitazamana na bustani hiyo. Asubuhi ya kwanza nilimwona bibi mmoja akifagia kandokando ya uzio wake, kwa nje, taratibu, akiyakusanya majani yaliyoangukia upande wa barabara. Majani yaliyoangukia ndani hakuyagusa, ila aliyatazama. Aliitwa Bi Tausi. Alikuwa mfagiaji wa bustani ile kwa miaka ishirini na sita, na mikunazi yote kumi na minne iliyomo aliipanda yeye na wenzake watatu, ambao sasa wamefariki.

Aliyenisimulia yaliyotokea ni binti yake, Sikudhani, mshonaji wa tepe. Chumba chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya wageni na kilijaa mabunda ya vitambaa vyekundu na vya kijani. Alinisimulia huku akishona, bila kuinua macho, na kwa hilo nilimpenda mara moja, maana na mimi husikiliza vizuri nisipotazamwa.

Miaka kumi na tisa iliyopita Tulizo walifanya dansi kubwa katika bustani. Mgeni rasmi alikata utepe wa dansi langoni. Jioni, dansi lilipokwisha, akafunga utepe wa kijani palepale langoni, kama sheria inavyotaka. Asubuhi Bi Tausi alikuja na fagio lake akakuta utepe. Kila mtu alijua kilichofungwa ni dansi. Lakini utepe ulikuwa umefungwa kwenye lango, na lango ni la bustani, na sheria haikuwa na kifungu cha kutofautisha. Baraza liliketi siku tatu. Wajumbe wote walikubaliana kwamba ni kosa, na wakakubaliana pia kwamba kosa lililofanywa rasmi haliwezi kusahihishwa kwa njia isiyo rasmi. Wakaamua kumngoja mgeni mwingine.

Bomba likakauka. Bembea zikashika kutu. Nyasi zikawa ndefu kuliko mtu mzima, na kibanda cha bendi kikaota mbarika katikati. Watu wa Tulizo walipita wakisema mhusika ataliona hilo.

Na bado jambo hili lingeweza kuendelea hivyo bila kumuumiza sana yeyote isipokuwa Bi Tausi, kama si suala la viti. Kiti alichokalia mgeni rasmi hakikaliwi tena na mtu mwingine. Ni masofa makubwa yenye vitambaa vyeupe mgongoni, na kwa kuwa kila ufunguzi huleta kimoja, mji umejaa viti. Niliviona vimepangwa kwenye korido za hospitali, wagonjwa wakiwa wamekaa sakafuni mbele yake. Kwa hiyo Katibu wa Utepe, Bwana Lihawa, alipata wazo. Sheria husema mahali palipofungwa miaka ishirini, na siku ya kutimia pakakutwa patupu, hupewa Ghala la Viti. Bustani ya Mikunazi ingetimiza ishirini mwisho wa kiangazi. Mikunazi ingekatwa, paa lingeinuliwa, na viti vingepata pa kupumzika.

"Mama aliposikia hakulia," Sikudhani alisema. "Alichukua fagio akaenda kufagia. Saa tisa mchana, jua lote lile. Nikaona hapana. Nikaanza kuisoma sheria yenyewe."

Aliisoma yote, jambo ambalo aliambiwa halijafanywa na raia tangu ilipofunguliwa. Akakuta kitu. Sheria inazungumzia mambo yanayoanza na mambo yanayokwisha. Juu ya maandalizi haisemi neno. Maandalizi hayahitaji mgeni, hayahitaji utepe, na mahali palipo katika maandalizi hapawezi kuitwa patupu. Basi mwanzoni mwa kiangazi hicho alitangaza kwamba anaandaa tamasha katika Bustani ya Mikunazi, la muziki na chakula na michezo, bure kwa watu wote. Tarehe ya kuanza hakuitaja. Aliingia na wenzake sita kwa kijilango cha nyuma, ambacho hakikuwahi kufungwa kwa kuwa hakikuwahi kufunguliwa.

*

Mimi nilipofika walikuwa wameshakuwa mia na zaidi, wote wa kujitolea. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Fundi bomba mstaafu alikuwa amelifufua bomba. Kila alasiri bendi ya tarumbeta ya Bwana Ngwandu ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye kibanda, kina mama wakijaribu kama sufuria zinaivisha pilau, na watoto wakihakikisha kwamba bembea zinabeba. Niliposema inaonekana kama tamasha limeanza, Sikudhani aliweka kidole mdomoni.

Baraza lilikuwa limeshawatumia mjumbe kuwashitaki kwa jambo hilohilo. Mjumbe alidai mazoezi yakisikilizwa na watu huwa onyesho, na onyesho ni jambo lililoanza. Sikudhani alimuuliza msikilizaji ni nani. Mjumbe akasema ni mtu aliyekuja mikono mitupu. Tangu siku hiyo ikawa desturi: kila anayeingia kwa kijilango cha nyuma hupewa kitu cha kushika. Hakuna tiketi wala kiingilio, ila huwezi kupita bila kushika. Nilimwona mzee mmoja ameshika kamba ya turubai saa nzima, anacheza miguu tu. Wasichana wawili walikuwa wamekabidhiwa kuwafukuza mbuzi ambao hawakuwepo. Bwana mmoja mnene, mwenye duka la vitambaa, alikuja akiwa amechelewa na vitu vimekwisha, akapewa kofia ya Bwana Ngwandu. Aliishika kwa mikono miwili mpaka bendi ilipopumzika, na aliporudi siku ya pili aliiulizia.

Wapo waliobeza. Kwenye duka la sabuni nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba kitu cha bure kina kasoro, kingekuwa kizuri kingekuwa na mgeni rasmi. Mwenzake akamjibu kwamba pilau halina kasoro, amelijaribu mara nne.

Siku mbili za kwanza nilikaa ukutani nikiandika katika daftari. Siku ya tatu Bi Tausi alikuja akasimama mbele yangu, ameshika jembe.

"Mwanangu, kwenu wanasemaje juu ya mgeni?"

Nikamwambia tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alicheka mpaka akaketi. Ungojani wanaijua nusu ya kwanza tu ya methali hiyo, na wameichonga juu ya mlango wa Baraza.

Alinipeleka kwenye mtaro wa maji ulioziba. Nilifurahi, kwa sababu mtaroni mtu haongeleshwi. Nilichimba siku tano, asubuhi hadi adhuhuri, na mchana nilisugua sufuria kwa majivu na mchanga pamoja na mabinti wa jikoni, ambao waliniita Dada Mtaro na kunitania kwamba nalima kama mtu anayeomba radhi kwa udongo. Ilikuwa kweli. Lakini mtaro ulisonga mbele. Siku ya nane maji yalipita toka bombani hadi kwenye mizizi ya mkunazi wa mwisho, na Bi Tausi aliinama akayagusa.

*

Siku ya tisa Sikudhani aliletewa oda ya kazi kutoka ofisi ya Bwana Lihawa. Nilikuwa chumbani mwake nikimkunjia vitambaa. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akanipa. Ilitaka tepe mbili kwa vipimo vya lango la Bustani ya Mikunazi. Moja nyekundu, moja ya kijani. Tarehe ya zote mbili ilikuwa kesho.

Haikuhitaji maelezo. Bwana Lihawa naye alikuwa ameisoma sheria. Alikuwa ameona kwamba maandalizi hayawezi kuzuiwa, ila yanaweza kutimizwa. Angeleta mgeni rasmi, tamasha lingefunguliwa kwa heshima zote, lingefungwa jioni kwa heshima zote, na kesho yake bustani ingekuwa imefungwa kama zamani, ikiwa imebaki siku kumi na moja tu kutimiza miaka ishirini. Hakuna mtu angeweza kusema amenyimwa tamasha.

Nikauliza mgeni mwenyewe amepatikana wapi. Sikudhani aliutazama mlango. Tarishi wa Katibu alikuwa amesimama pale na bahasha ya pili, na jina juu yake lilikuwa langu.

Barua ilikuwa na adabu sana. Ilieleza kwamba kumbukumbu za mpakani zinanionyesha kuwa mgeni wa kutoka mbali, msomi, mwenye viganja laini. Ilinipongeza. Chini, kwa herufi ndogo, ilikumbusha kwamba mgeni hakatai heshima; akikataa, mwenyeji wake hunyang'anywa leseni ya kazi.

Mwenyeji wangu, kwa kuwa nilikuwa nikishinda chumbani mwake, alikuwa ameandikwa kuwa Sikudhani.

Nitasema nilichohisi, kwa ufupi. Nilitaka kufungasha begi langu. Mimi ni mtu ambaye moyo hunienda mbio nikiitwa jina hadharani. Sikudhani nadhani aliliona hilo, maana alinishika bega akasema, "Mdogo wangu, hii si vita yako. Kata utepe, funga utepe, panda gari urudi kwenu salama. Sisi tumezoea kungoja." Kisha akakaa kwenye cherehani akaanza kushona ule mwekundu, kwa mishono midogo mizuri, kwa sababu hakujua kushona vibaya.

Asubuhi Bi Tausi alikuja na kichupa cha mafuta ya nazi. Alikuwa ameyaona malengelenge yangu siku ile ya maji. Akaniambia nilete mikono, mgeni rasmi hawezi kukaa meza kuu na viganja vilivyochunika, watamcheka. Akamimina mafuta kidogo kwenye kiganja chake ayapashe joto.

Nilimpa mkono, kisha nikaurudisha.

"Yanauma?" aliuliza.

Nikamwambia yanauma, lakini naomba leo asiyalainishe. Alijipaka yale mafuta mwenyewe, akafunga kichupa, akakitia kwenye kibindo cha khanga yake, akaenda kufagia.

*

Sherehe ilipangwa saa nane. Kulikuwa na meza kuu yenye maua ya plastiki, turubai jipya, kipaza sauti, na sofa moja kubwa lenye kitambaa cheupe, ambalo ndilo lililokuwa langu. Bwana Lihawa alinipokea mwenyewe. Sikumkuta na pembe. Alikuwa mtu mpole, mchovu, aliyelala vibaya, na alininong'oneza kwamba chumbani kwake kuna viti kumi na moja na mke wake amehamia kwa dada yake. Nilimwonea huruma, na bado namwonea.

Watu wote wa maandalizi walikuwa wamesimama nyuma ya kamba, kila mmoja ameshika chake: miko, reki, ndoo, tarumbeta. Bwana wa duka la vitambaa alikuwa na kofia. Mshereheshaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, na akaizingatia tena kwa robo saa. Risala ilisomwa. Ilinishukuru kwa mchango wangu mkubwa katika bustani, na ilipofika hapo niliona mabinti wa jikoni wakiziba midomo.

Kisha nikaletewa mkasi juu ya sinia. Utepe mwekundu ulikuwa umetandazwa langoni mbele yangu. Ule wa kijani ulikuwa umekunjwa mezani, tayari.

Nilisimama. Kipaza sauti kilikuwa karibu mno hata pumzi yangu ikasikika bustani nzima. Nikafikiria dirisha lile la chuoni.

"Bwana Katibu," nilisema, "naomba nikaguliwe."

Hakunielewa. Akasema kwa upole kwamba cheti changu wanacho. Nikamwambia cheti ni cha siku kumi zilizopita, nami nimekuwa Tulizo siku kumi.

Mkaguzi wa Viganja alikuwa amekaa mwisho wa meza. Sheria humtaka awepo. Ni lazima niseme kwamba katika nchi ile yote sikuona mtu anayeheshimu kazi yake kama yeye. Alikuja, akaomba kipaza sauti kiondolewe, akafumba macho, akapitisha kidole gumba. Alikwenda polepole kuliko mpakani. Alirudia mkono wa kulia. Alipofumbua macho alikuwa na sura ya mtu aliyesoma barua ileile akakuta habari tofauti.

"Malengelenge mawili yamepasuka," alisema. "Sugu imeanza chini ya kidole cha pete. Harufu ya majivu. Ni mpini wa jembe, kisha sufuria." Akamgeukia Katibu. "Huyu si mgeni, Bwana Lihawa. Siwezi kusaini."

Bwana Lihawa alinitazama bila hasira. Aliuliza kwa nini sikumwambia mapema.

"Ningekuwa nimekataa," nilimjibu, "na Dada Sikudhani angepoteza leseni. Sasa sijakataa. Mmenikosa tu. Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu anapewa jembe. Nami nilipewa."

Sijui kama nilisema kwa sauti. Naambiwa nilisema kwa sauti.

Kilichofuata kilichukua karibu saa nzima, nami nilikaa chini kwenye nyasi kukitazama. Katibu aliagiza atafutwe mgeni mwingine miongoni mwa waliokuwepo. Mkaguzi alipita mstari mzima. Mpishi, hapana. Mpiga ngoma, hapana kabisa. Mwanamke yule wa duka la sabuni, yule aliyebeza vitu vya bure, alikutwa na alama ya kamba, akaona haya. Bwana wa vitambaa alitoa viganja vyake kwa matumaini, vilikuwa laini kama siagi, lakini Mkaguzi alimuuliza ile kofia ameishika kwa siku ngapi, naye akajibu kwa fahari, siku saba. Akaambiwa hiyo ni kazi. Sijaona mtu aliyefurahi vile. Walifikiria kichanga cha wiki tatu. Viganja vyake vilifaa sana, ila hakuweza kutamka "rasmi", na mama yake alikataa kumwachia.

Alibaki Bwana Lihawa mwenyewe. Alinyoosha mikono yake, na Mkaguzi, ambaye hakumwogopa mtu, aliishika. Ilikuwa laini kuliko yote. Lakini Katibu ni mwenyeji, na mwenyeji hawezi kuwa mgeni kwake.

Wakati wanakipekua kitabu cha sheria, upepo wa alasiri ulivuma kutoka upande wa mtaro. Turubai jipya likajaa, nguzo moja ikainama juu ya meza kuu, na watu wakapiga kelele. Aliyekuwa karibu na kamba ya turubai alikuwa Bwana Lihawa. Bi Tausi alikuwa nyuma yake.

"Baba, hebu shika hapo," alimwambia, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwambia kila mtu kwa miezi mitatu.

Naye akashika. Upepo haukutulia upesi. Kila alipotaka kuiacha ile kamba nguzo iliinama tena, akaishika kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, koti likampanda hadi kwapani. Bwana Ngwandu alisubiri kidogo, akaangalia huku na huku, kisha akawaambia vijana wake kwamba mazoezi ya leo bado hayajafanyika. Tarumbeta zikaanza. Kina mama wakafunua sufuria kuona kama pilau limeiva, na lilikuwa limeiva. Watoto walikwenda kuhakikisha bembea. Mtu fulani, na mpaka leo hakuna anayemjua, alikalisha vikongwe wanne kwenye lile sofa la mgeni rasmi, wakatosha.

Utepe mwekundu ulibaki umetandazwa langoni, haukukatwa. Watu walipita pembeni, kwa kijilango cha nyuma, wakawa wengi kuliko siku zote, na vitu vya kushika vilikwisha. Mkaguzi wa Viganja alipewa fagio. Jua lilipoanza kupungua nilimwona Bwana Lihawa bado ameshika kamba ingawa upepo ulikuwa umetulia zamani. Alikuwa anatikisa mguu mmoja, kwa kujificha.

Msichana mmoja aliyetoka kijiji cha jirani alimwendea Bi Tausi akamuuliza tamasha litaanza lini.

"Bado, mwanangu," Bi Tausi alijibu, huku akikusanya majani, ya ndani safari hii. "Tunajiandaa."

*

Niliondoka siku iliyofuata. Nimepata barua moja kutoka kwa Sikudhani: kiangazi kilikwisha, mikunazi ipo, maandalizi yanaendelea na kiangazi kijacho yatakuwa makubwa zaidi. Viti wamevikabidhi rasmi kwa hospitali, ili wagonjwa wasaidie kuvishika kwa kuvikalia. Mwandishi wa kifungu cha sheria kinachoruhusu hilo ni Bwana Lihawa.

Katika kata yetu kuna maktaba ndogo iliyojengwa na wananchi kwa nguvu zao. Imekamilika tangu nikiwa mwaka wa pili chuoni. Kwenye mlango wa mbele kuna utepe ambao umepauka mpaka huwezi kusema ulikuwa rangi gani, na ndani, ukichungulia dirishani, rafu zimejaa vumbi na vitabu vimo kwenye maboksi. Jumamosi iliyopita nilikwenda na ndoo, tambara na fagio, nikazunguka hadi mlango wa uani.

Mlinzi alinikuta pale. Akaniuliza kama tarehe ya ufunguzi imetoka.

Nikamwambia bado. Nikamwomba anishikie ndoo.

Aliitazama kidogo, kisha akaishika.